Mizinga Juu ya Theluji: Kutoka Ticonderoga hadi Boston, Siku kwa Siku

Vuli ya 1775, mwaka wa kwanza wa vita vya uhuru wa Marekani, Boston ilikuwa imezingirwa, lakini mzingiraji hakuwa na cha kumtolea adui humo ndani. Jeshi la Mfalme George wa Tatu wa Uingereza lilikaa mjini, bahari mgongoni, manowari bandarini zikileta chakula. Nje, tangu mapigano ya Lexington na Concord ya 19 Aprili, walowezi walioasi walikuwa wamechimba mahandaki kuanzia Roxbury hadi Charlestown. George Washington alikabidhiwa jeshi hilo Cambridge tarehe 3 Julai. Mwezi Agosti baruti ilipohesabiwa, ikaonekana kila askari angepata kama risasi tisa tu. Mizinga mizito ya kufika mjini na bandarini karibu haikuwapo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kwetu "mkoloni" ni yule anayetawala. Katika vita hivi wanaoitwa wakoloni ndio waasi: walowezi wa asili ya Ulaya waliochoka na kodi na amri za London. Ndiyo maana hapa naandika "walowezi". Wenyeji wa nchi hiyo ni watu wengine kabisa, na tutakutana nao kando ya ziwa.

Mizinga iliyohitajika ilikuwapo, ila umbali wa kilomita karibu 480. Tarehe 10 Mei makamanda wa walowezi, Ethan Allen na Benedict Arnold, waliteka ngome ya Ticonderoga, kaskazini mwa New York, alfajiri, askari wa ngome wengi wao wakiwa usingizini. Ngome ile ya mawe, iliyojengwa na Wafaransa tangu 1755, ilikuwa na mizinga ambayo Waingereza hawakuwa wakiitumia. Kuiteka kulichukua asubuhi moja. Kuihamisha ndiyo habari ya simulizi hii, na katika kila hatua aliyeamua kasi alikuwa theluji, si jenerali.

Alhamisi 16 Novemba 1775, Cambridge

Washington alimwandikia Henry Knox maagizo. Knox alikuwa na miaka 25, mwuza vitabu wa Boston, mnene, mkono wake wa kushoto una upungufu wa vidole viwili vilivyoondoka katika ajali ya bunduki mawindoni. Elimu yake ya mizinga ilitoka kwenye vitabu vya duka lake mwenyewe. Mkwe wake, Thomas Flucker, alikuwa katibu wa serikali ya Mfalme katika Massachusetts. Siku ile Knox hakuwa hata na cheo. Bunge la walowezi lilimfanya kanali wa mizinga siku iliyofuata, naye akiwa keshaanza safari.

Maagizo yalikuwa mawili. Aende New York aone vifaa vilivyoko na kuagiza vinavyokosekana, kisha apande kaskazini kwa Jenerali Philip Schuyler, na toka huko hadi Ticonderoga. Ruhusa ya matumizi ilikuwa paundi 1,000. Hatimaye hesabu yake ilizidi kidogo paundi 520, jambo ambalo wahasibu wa jeshi lolote hawalioni mara nyingi.

17 Novemba hadi 4 Desemba, njiani

Alisafiri na mdogo wake William, wa miaka 19. Wakafika New York tarehe 25, wakaondoka 28, Albany tarehe 1 Desemba, Fort George kwenye ncha ya kusini ya Ziwa George tarehe 4. Hapakuwa na mzigo, na njia ilikuwa tupu. Mwendo huu wa siku kumi na nane ndio kipimo cha kulinganishia wa kurudi.

Jumanne 5 Desemba, Ticonderoga

Siku ya kuchagua. Mizinga ilikuwa mingi, lakini mingi pia ilikuwa imeliwa na kutu. Kukagua mzinga wa chuma wa zama zile kuna hatua tatu. Unaugonga kwa nyundo: mzima hulia kama kengele, wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Unaingiza ndani ya mdomo kijiti chenye ncha za chuma zilizopindwa na kuvuta polepole. Ncha ikikwama, hapo pana shimo la kutu, na shimo huweza kuficha cheche inayowasha baruti ya mlio unaofuata mpigaji akiwa bado anashindilia. Mwisho unatazama tundu la kuwashia. Likiwa limepanuka kwa kutumika sana, nguvu ya baruti inatokea hapo badala ya kusukuma tufe.

Alichochukua ni vipande 59: mizinga ya kawaida 43 ya shaba na chuma, na vilivyobaki ni mizinga ya kombora, ile mifupi yenye mdomo mpana inayorusha juu ili tufe liangukie nyuma ya ukuta, pamoja na hawitza mbili, mizinga ya kati ya aina hizo mbili. Uzito wote ulikuwa karibu ratili 120,000, yaani kilo 54,000. Mizinga ya nyakati hizo iliitwa kwa uzito wa tufe lake. Wa ratili 18 ulirusha tufe la kilo 8, na chuma chake chenyewe kilikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Aliongeza masanduku 23 ya risasi, madini yenyewe ya kuyeyushia, na pipa la mawe ya gumegume ya kuwashia bunduki.

6 hadi 8 Desemba, La Chute

Ramani inadanganya hapa. Ticonderoga na Ziwa George vinaonekana kugusana, lakini kati yao mto mfupi wa La Chute unaporomoka zaidi ya mita 60 kuelekea Ziwa Champlain. Hakuna chombo kinachopanda maporomoko. Basi tarehe 6 mizinga ilishushwa toka ngomeni, ikapakiwa kwenye tishari hadi darajani. Tarehe 7 na 8 ikatolewa majini na kukokotwa nchi kavu hadi bandari ndogo ya ncha ya kaskazini ya Ziwa George. Kila kipande kilipakiwa, kikashushwa, kikapakiwa tena.

Kuinua mzinga wa tani mbili si kazi ya mabega. Kifaa chake ni miti mitatu iliyofungwa kileleni, kapi mbili na kamba. Unanyanyua, chombo kinasogezwa chini, unashusha. Hatari ni pale miguu ya miti inapokaa juu ya udongo ulioganda juu na kulegea chini: mguu mmoja ukizama, mzigo unayumba na kumfuata aliye karibu.

Jumamosi 9 Desemba, Ziwa George

Ziwa lina urefu wa kilomita 51, jembamba, milima pande zote mbili. Barafu ilikwisha anza kushika kingo. Wangechelewa wiki chache, ziwa lisingepitika wala kwa chombo, maana maji yamefunga, wala kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, maana barafu ni changa. Knox aliingia katika dirisha hilo jembamba.

Vyombo vilikuwa vitatu: tishari kubwa bapa kwa mizinga mizito, mashua ya tanga, na mashua nyembamba ya makasia. Saa tisa mchana waling'oa nanga. Knox akiwa mbele na mashua, tishari ikapanda mwamba nyuma yake. Upepo uliomsukuma yeye haukumruhusu kurudi kuisaidia. Kisha upepo ukafa, wakavuta makasia, na karibu saa tatu usiku wakafika Sabbath Day Point wakiwa wamekufa ganzi. Pale palikuwa na kibanda cha Wahindi Wekundu, wenyeji wenyewe wa ziwa, wenye moto mkubwa. Waliwakaribisha, wakawapa nyama ya paa iliyochomwa kwa namna yao, na Knox akaisifu katika shajara yake. Ni moja ya sehemu chache za shajara hiyo ambapo mtu anakula vizuri.

10 hadi 15 Desemba, bado ziwani

Knox alitangulia kwa makasia, upepo ukimpiga usoni, hadi Fort George. Tishari alimwachia William. Iliponasuliwa kwenye mwamba ikafika Sabbath Day Point, lakini usiku upepo ukageuka, mawimbi yakaijaza, ikazama. Bahati ni kwamba ilizama karibu na ufuko, kiasi kwamba kingo zake zilibaki juu ya maji. Wakaikumba maji, wakaivuta hadi upande wenye kinga, wakaendelea.

Kilichotokea si uzembe tu. Tishari bapa lililobeba chuma kizito lina ukingo mfupi juu ya maji, na halina mkuku wa kulishikilia dhidi ya upepo wa ubavuni. Kwenye mto halina tatizo. Kwenye ziwa jembamba kati ya milima, upepo hupita kama kwenye bomba, wimbi fupi fupi linaruka ukingo, na maji yakishaingia kidogo chombo kinashuka zaidi na kuingiza mengi zaidi. Angepunguza mzigo na kwenda mara mbili, asingezama. Ila barafu isingemngoja mara ya pili.

Hakuna mzinga uliopotea ziwani.

12 na 17 Desemba, Fort George: oda ya sleji

Tarehe 12, kabla hata tishari haijafika, Knox alikuwa ameandika barua Stillwater akiomba sleji 40 zenye nguvu, kila moja iweze kubeba mzinga mrefu bila mdomo wala kitako kuburuta chini, uzito wa ratili 5,400, yaani karibu kilo 2,450. Pia kamba pima 500, ya inchi 3. Inchi hizo ni za mzunguko, si za unene, kama mabaharia wapimavyo. Unene wake ni kama sentimita mbili na nusu.

Kwa asiyeijua, sleji ni gari lisilo na magurudumu, lenye miti miwili mirefu chini iliyopindwa mbele, linaloteleza. Kwa nini si gari la kawaida? Mzinga wa tani mbili juu ya magurudumu manne ya mbao, kwenye njia ya msituni, hukata udongo hadi ekseli. Sleji hugawa uzito huo kwenye urefu wote wa miti yake, na mzigo unakaa chini, haupinduki kirahisi. Sharti lake ni moja, nalo ndilo lililotesa safari nzima: lazima pawepo theluji, iliyoshindiliwa, isiyozidi.

Tarehe 17 alimwandikia Washington kuwa ana sleji 42 na jozi 80 za maksai za kufika Springfield, na kwamba anatumaini kufikisha mizinga katika siku 16 au 17. Picha zote mashuhuri zilizochorwa baadaye zinatokana na sentensi hiyo: maksai, maksai, maksai. Ukisoma kilichofuata utaona ilikuwa ni mpango, si taarifa.

24 hadi 26 Desemba, kuelekea Albany

Kwa wiki nzima theluji ilikataa kuanguka. Tarehe 24 Knox akatangulia kusini kuona mambo ya njiani. Siku ya Krismasi ikamwagika yote pamoja, karibu sentimita 60. Farasi walishindwa. Walibadilisha sleji kwa matandiko, matandiko kwa sleji nyingine, wakakwama kilomita kama 14 kabla ya Albany. Kesho yake alitembea maili mbili msituni, theluji ikimfika mapajani, hakuna aliyepita kabla yake. Alifika Albany saa nane mchana, kwa maneno yake karibu kufa kwa baridi.

Theluji ya namna hii ni mbaya kama kutokuwa nayo. Miti ya sleji inazama, kifua cha farasi kinakuwa jembe. Inabidi njia "ivunjwe": watu na sleji tupu wapite mara kadhaa, kisha usiku wa baridi kali uigandishe. Ndipo mzigo upite.

27 hadi 31 Desemba, Albany: ugomvi wa nauli

Mwenye maksai, Palmer wa Stillwater, aliitwa kujadili bei. Schuyler alitoa shilingi 18 na peni 9 kwa siku kwa jozi mbili za maksai. Palmer alitaka 24. Hawakuelewana, Palmer akaondolewa, na maksai wake pamoja naye.

Tarehe 29 Schuyler alituma watu vijijini kutafuta farasi: shilingi 12 kwa siku kwa jozi, au paundi 7 kwa tani kwa maili 62. Mkataba wa pili ndio wa akili zaidi, kwa maoni yangu. Anayelipwa kwa siku hana haraka. Anayelipwa kwa tani na maili anaamka mapema. Tarehe 31 orodha ilirudi na karibu jozi 124 za farasi, wakulima pamoja na sleji zao wenyewe. Knox aliangalia sleji ya mfano akahofia kuwa ni dhaifu kwa mizinga mikubwa.

Basi kutoka Ziwa George hadi milimani Massachusetts, waliokokota kwa sehemu kubwa ni farasi. Vita vya uhuru hapa vilisimama kwenye mikono ya watu wa kukodi: wakulima waliopanga bei, wakaleta wanyama wao, wakala chakula chao. Mmoja wao alikuwa mvulana wa miaka 12, John Becker, aliyefuatana na baba yake, na mengi tunayoyajua kuhusu wakokotaji yanatoka kwenye kumbukumbu alizosimulia uzeeni.

1 hadi 3 Januari 1776, mto Hudson

Njia ilivuka mto Hudson zaidi ya mara moja, daraja hapakuwa, na pantoni haitembei kwenye barafu. Lazima barafu ibebe. Kanuni ya nchi za baridi ni kwamba sentimita 10 za barafu safi zinambeba mtu, na gari dogo linahitaji 20 hadi 30. Mzinga, sleji na farasi wake ni zaidi ya gari dogo. Majira yakawa vuguvugu.

Tarehe 1 Knox akaweka watu kuchimba matundu kwenye barafu, kila mahali pa kuvukia. Mtu wa pwani atadhani ni wazimu: unaimarisha sakafu kwa kuitoboa? Lakini barafu yenyewe ni blanketi. Ikishakuwa nene, maji ya chini hayapati baridi, unene unaongezeka polepole mno. Ukitoboa, maji yanapanda na kutandaa juu, ambako hewa ya usiku inayagandisha upesi. Usiku unaofuata unarudia, na unapata tabaka juu ya tabaka. Kuna mipaka. Barafu ya maji yaliyomwagika juu ya theluji huwa nyeupe yenye mapovu, dhaifu kuliko ile nyeusi angavu. Na hewa isiposhuka chini ya kuganda, umejitengenezea dimbwi tu.

Alhamisi 4 Januari, Half Moon

Mzinga wa shaba wa ratili 24 ulifika Albany salama, pamoja na mzinga mdogo wa kombora. Nyuma, kwenye kivuko cha Half Moon, mmoja wa mizinga mizito ulitoboa barafu na kuzama.

Namna ya kuvuka ilikuwa hivi. Farasi hawafungwi karibu na sleji. Kamba ya futi 40, mita 12, inafungwa kati ya mti wa kukokotea na farasi, ili uzito wa wanyama na wa chuma usikae kwenye kipande kimoja cha barafu. Mtu mwenye shoka kali anatembea kando. Sleji ikizama, anakata kamba mara moja. Mzinga unakwenda chini, farasi wanabaki juu. Mbele ya mkulima hesabu iko wazi: mzinga ni wa serikali, farasi ni wake. Wakati wa kuvuka barafu ililia milio ya kupasuka toka ukingo mmoja hadi mwingine. Wenye uzoefu hawaogopi sauti hiyo peke yake. Wanachoogopa ni maji yanayoanza kutambaa juu ya barafu kuzunguka miguu ya sleji.

Kivuko kile kilikuwa na maji mafupi, na mzinga ulitolewa.

5 hadi 7 Januari, kungoja

Joto. Njia ikawa tope. Tarehe 5 Knox aliandika Cambridge kueleza kucheleweshwa: ahadi yake ya siku 16 au 17 ilikuwa inamalizika, na mizinga bado iko mkoa wa New York. Jumapili tarehe 7, katika kuvuka Albany kwenyewe, mzinga mwingine ulizama, huu ukiwa mbele ya macho ya mji mzima.

Jumatatu 8 Januari, Albany

Saa mbili asubuhi walianza tena, mmoja mmoja, kwa nafasi. Hadi jioni sleji 23 zilikuwa ng'ambo. Watu wa Albany walitoka na kamba zao na kuopoa mzinga wa jana. Kuopoa kunataka kamba izungushwe kwenye masikio ya mzinga, yale magogo mawili ya ubavuni yanayoushikilia kwenye gari lake, barafu ipanuliwe hadi penye nguvu, kisha uvutwe kwa mlalo, si wima, ili ukingo wa barafu usivunjike tena chini ya wavutaji. Kwa shukrani mzinga ule ulipewa jina, The Albany.

9 na 10 Januari, Kinderhook na Claverack

Knox alikodi sleji na farasi wa akiba, akaaga. Kusini tambarare, kisha mashariki. Mlima wa Berkshire mbele.

Alhamisi 11 Januari, Blandford

Maili 12 za msitu mzito, kupanda na kushuka. Knox mwenyewe aliona kama muujiza kwamba watu wenye mizigo ile wapande na kushuka vilima vile.

Kupanda ni nguvu tu: unaunganisha farasi wa sleji mbili kwa mzinga mmoja, unapandisha, unarudi kuchukua wa pili. Kushuka ndiko kunakoua. Sleji haina breki, na tani mbili zikianza kuteleza zinawapitia farasi kwa nyuma. Dawa zake ni tatu na zote zilitumika: minyororo iliyozungushwa chini ya miti ya sleji ili ikwaruze, magogo yaliyosukumwa mbele yake kama kabari, na kamba toka nyuma ya sleji iliyozungushwa mara kadhaa kwenye shina la mti mkubwa, mtu akiilegeza kidogo kidogo. Kamba inafika mwisho, kabari inawekwa, kamba inahamishiwa mti wa chini. Kwa mwendo huo kilomita moja inaweza kula asubuhi nzima.

Huko Blandford kundi la kwanza la wakokotaji lilikuwa limesimama na kugoma. Walikuwa na hoja. Mbele kama maili tano au sita theluji inaisha, na katikati ya hapo kuna mteremko wa Glasgow. Sleji kwenye ardhi tupu na mteremko ule ni kuua farasi, na farasi hakuna aliyewaahidi fidia. Knox alibembeleza kwa saa tatu. Kilichomaliza ubishi, hata hivyo, ni kukodi jozi mbili za maksai kuongeza nguvu. Maksai huyu wa mwisho ndiye wa kweli kwenye picha: mzito, mwenye kwato zilizopasuka, hana haraka, anashikilia mzigo mteremkoni bila kuruka kwa hofu kama farasi.

Katikati ya Januari, Westfield na Springfield

Westfield wanakijiji walitoka wote. Wengi hawakuwa wamewahi kuona mzinga mkubwa. Walikagua, walinusa, walileta sida ya tufaha na wiski, wakashangilia mzinga mnene wa kombora uliopewa jina la Old Sow, jike la nguruwe, ulipofyatuliwa kwa burudani. Ilikuwa baruti ya jeshi lisilokuwa na baruti, lakini nadhani Knox alihesabu vizuri: mbele yake kulikuwa na vijiji vingi vya kuombwa maksai.

Springfield, baada ya mto Connecticut, watu wa New York walilipwa wakarudi. Tope lilikuwa limetawala. Toka hapa zamu ilikuwa ya maksai na watu wa Massachusetts, nao walingoja njia igande tena.

Alhamisi 25 Januari, Framingham

John Adams, mjumbe wa Bunge la walowezi, alipita hapa akaiona mizinga, akaandika orodha yake kwenye shajara. Imefika kilomita kama 30 toka Cambridge, na kwanza iliachwa papo hapo: ilikuja bila magari yake ya kupigia, na mzinga uliolala kwenye sleji si silaha. Mafundi seremala na wahunzi walipewa kazi. Safari ya siku 16 au 17 ilichukua zaidi ya mara mbili yake, na hakuna kipande kilichobaki njiani.

2 na 3 Machi, Boston

Usiku mbili mfululizo mizinga ilipiga toka Lechmere Point, Cobble Hill na Roxbury. Lengo halikuwa kubomoa mji. Ilikuwa kuziba masikio ya Waingereza. Hapo likatokea la aibu: mizinga ya kombora kadhaa ilipasuka, pamoja na ule mkubwa wa shaba uliotekwa kwenye meli ya Waingereza, Nancy, na kubatizwa Congress. Mzinga wa kombora hurudi chini, si nyuma. Usipokaa sawasawa kwenye kitanda chake, na kitanda kisipokaa sawasawa ardhini, nguvu yote inaishia kwenye shaba. Wapigaji walikuwa wapya, na ardhi ilikuwa imeganda.

Jumatatu 4 Machi, usiku, vilima vya Dorchester

Kelele ziliendelea. Askari wa walowezi, 1,200 wa kazi na 800 wa ulinzi, walipanda vilima hivyo vinavyotazama mji na bandari, chini ya Jenerali John Thomas, pamoja na mikokoteni zaidi ya 300 ya maksai. Magurudumu yalifungwa majani makavu. Marobota ya nyasi yalipangwa kama ukuta upande wa mji. Udongo uliganda kwa kina cha sentimita 45, haichimbiki. Rufus Putnam, mhandisi wa walowezi, alikuwa amelitatua mapema: leteni boma likiwa limekwisha tengenezwa. Fremu za mbao, matita ya fito ya kujazia, makapu makubwa ya udongo. Yakapangwa juu ya ardhi. Mbele yake waliweka mapipa yaliyojaa udongo na mawe, ya kuporomosha kwenye mteremko juu ya wapandaji.

Kulipopambazuka maboma mawili yalikuwa yanatazama bandari. Waingereza walijaribu kuyapiga wakashindwa kuinua midomo ya mizinga kiasi cha kutosha, hata walipofukia magurudumu ya nyuma. Jenerali wao, William Howe, alipanga kushambulia usiku wa tarehe 5. Dhoruba ikavuruga mashua zake, na hakujaribu tena.

Jumapili 17 Machi

Askari kama 9,000 na raia watiifu kwa Mfalme zaidi ya 1,000 walipanda meli na kutoka. Juu ya Bunker Hill, ambako Juni iliyopita Waingereza walikuwa wamepoteza zaidi ya watu 1,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa, walinzi walionekana bado wamesimama kwenye zamu zao. Walioangalia kwa darubini walingoja wasogee, kisha wakaona ni nguo za askari zilizojazwa majani.